Simu ya Mombasa Inakatika Wapi? Namna ya Kusoma Njia ya Pakiti

Picha ya mama aliye Kisauni ikiganda na sauti ikikatakata, wengi wetu tulio ughaibuni tuna washukiwa wawili tu: wifi ya hapa tulipo, au "mtandao wa Kenya" wote kwa jumla. Lakini kati ya chumba chako Leicester au Doha na sebule ya Kisauni kuna ruta (mitambo inayopokezana data) kumi na kitu, kila moja na mwenyewe, na hitilafu huwa mahali pamoja mahususi. Programu ya traceroute itakutajia ruta hizo moja moja. Kwenye Windows imo tayari kwa jina la tracert.

Kila pakiti, yaani kipande kidogo cha data, husafiri na namba iitwayo TTL, na kila ruta inayoipitisha huipunguza namba hiyo kwa moja. Ikifika sifuri, ruta huitupa pakiti na kumpelekea mtumaji taarifa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Van Jacobson aliigeuza kanuni hiyo kuwa chombo cha upelelezi: tuma pakiti yenye TTL ya 1, kisha ya 2, kisha ya 3, na ruta zitajitambulisha kwa zamu. Kila mstari una nyakati tatu kwa milisekunde kwa sababu kila kituo hujaribiwa mara tatu, na safari huishia kituo cha 30 ikiwa mwisho haukufikiwa.

Usipime kutoka kwako ukategemea kufika kwenye simu ya mama. Laini nyingi za simu, na baadhi ya faiba za nyumbani, hutumia anwani moja ya IP ya umma (namba ya kutambulika mtandaoni) kwa wateja wengi, kwa hiyo kipimo chako kitagota kwenye mitambo ya kampuni. Tena njia ya kwenda si lazima iwe ndiyo ya kurudi. Anayefaa kupima ni mtu wa kule. Mtumie mpwa wako ujumbe wa sauti: abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike cmd, halafu apime 1.1.1.1, anwani ya umma ya kampuni ya Cloudflare:

tracert -d 1.1.1.1

Baada ya hapo apime tovuti ya chuo kikuu cha mji unaoishi, safari hii bila -d ili majina ya ruta yaonekane. Tovuti ya London ikijibu kwa milisekunde 5, hiyo ni nakala iliyowekwa karibu na Mombasa wala pakiti haikuvuka bahari. Achague nyingine.

Jiandae kwa ujumbe wa namna hii: "Shangazi, naona nyota tupu!" Mjibu: "Tulia mwanangu, zinaanza mstari wa ngapi, na wa mwisho umejibu?"

Maana nyota (alama * inayotokea jibu lisipofika) peke yake si hitilafu. Kuna ruta zilizopangwa zisijibu, kama mlinzi wa geti anayekuacha upite bila kuitikia salamu. Nyota zikiwa katikati na mstari wa mwisho ukajibu, zipuuze. Vivyo hivyo muda ukipanda mstari mmoja kisha ukashuka unaofuata: ruta ile ina uvivu wa kujibu tu. Cha kutafuta ni ucheleweshaji unaoanza mahali na kuendelea hadi mwisho. Na nyota zikishika hadi wa 30, jaribu kwanza anwani nyingine, kwani huenda mwenye seva amezuia vipimo.

Mstari wa 1 ni ruta ya nyumbani, mara nyingi 192.168 na kitu. Ukionyesha milisekunde 200, usimpigie mtu yeyote simu. Asogee karibu na ruta au achomeke waya. Kuta nene za mawe za Mji wa Kale hula wifi vibaya sana. Mistari miwili mitatu inayofuata huwa ya kampuni ya intaneti, na njia ikifia hapo kila unapopima, mzigo ni wao.

Baharini ndiko watu hutishika bure. Mombasa ndiko zinakotua kebo za chini ya bahari za Seacom na TEAMS tangu 2009, na EASSy tangu 2010. Mwanga ndani ya faiba huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 hula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Kuruka kutoka 10 hadi zaidi ya 100 pakiti ikielekea Ulaya ni umbali tu. Majina ya ruta husaidia hapa: mengi hubeba vifupisho vya viwanja vya ndege, mba wa Mombasa, mrs wa Marseille, lhr wa London, ingawa mengine yamepitwa na wakati.

Tatizo ni pale iliyokuwa 150 jana inapokuwa 300 leo kwa njia tofauti. Mwaka 2024 kebo zilikatika Bahari ya Shamu, kisha Mei EASSy na Seacom zikakatika upande wa Afrika Kusini. Siku kama hizo kuzima na kuwasha ruta ya mama ni kumchosha bure.

Ndiyo maana nasisitiza: hifadhi kipimo cha siku njema. Bila hicho huna cha kulinganisha nacho. Kwa tatizo la kuja na kwenda, tumia pathping ya Windows, au mtr kwenye Linux. Hupima kwa muda na kuonyesha pakiti zinazopotea. Pima saa ileile mambo yanapoharibika.

Ukiripoti, tuma maandishi yote ya kipimo, na muda uandike 20:00 saa za Afrika Mashariki badala ya saa mbili, kwa kuwa saa yako na ya fundi hazilingani. Watakuambia mzime ruta mwashe. Waonyeshe kuwa mstari wa 1 ni mzima. Wakati mnasubiri majibu, mpwa awashe hotspot ya laini ya kampuni nyingine na kurudia kipimo. Kikipita vizuri, mama azungumzie humo usiku huo.