Kabla hujalipia taipu retingi ya pili, fanya hizi hesabu kwanza

Marubani vijana wa uwanja wa ndege wa Wilson huniuliza sana hii kitu. Kepteni, nimeshika Dash 8, ile ya propela, mwaka wa pili sasa, niende nikachukue retingi ya jeti ya Boeing 737 na pesa yangu ama nitulie? Mimi huwauliza kwanza, ukishaipata, nani atakupea kiti? Juu taipu retingi ni ruhusa ya kurusha aina fulani ya ndege, imeandikwa kwa leseni yako, na mwajiri akiona ruhusa haina masaa ya hiyo ndege anapitia tu anaenda kwa jina linalofuata.

Angalia vile kozi yenyewe iko. Unakaa darasani unasoma umeme, haidroliki, mafuta, unaingia simuleta, ile mashine ya kuigiza kurusha ndege, unafanya mtihani na mkaguzi, unapiga sakiti, yaani kuzunguka uwanja ukipaa na kutua, alafu ndio yanakuja mafunzo ya laini, yaani unarusha abiria wa ukweli na kepteni mwalimu kando yako. Hapo kwa laini ndio urubani wa hiyo ndege unaingia kwa damu, na shule ya simuleta haina abiria wa kukupea. Ni kampuni iko nao. Kwa hivyo hatua ya kwanza ni kutafuta kampuni. Shule itafutwe baadaye.

Pesa sasa. 737 ama Airbus A320 ukijilipia mwenyewe, mara nyingi inapita dola 20,000, na bado hujaweka tiketi na hoteli za kukaa Addis Ababa ama Johannesburg kwenye simuleta ziko. Watu wanachukua loni ya sacco na dhamana ni shamba la mzazi, na wanasahau kwamba retingi inataka kulishwa. Marubani wa kampuni wanapelekwa cheki, yaani mtihani wa kurusha, mara mbili kwa mwaka na kampuni ndio inalipa, wewe umejinunulia utalipa yako kutoka mfukoni, na kabla ubebe abiria lazima uwe umepaa na kutua mara 3 kwa siku 90 zilizopita kwa ndege ya aina hiyo. Ukikaa mwaka mmoja unangoja simu, loni inakatwa na retingi inakufa, zote mbili kwa wakati mmoja, na hiyo nimeona ikivunja mtu mzuri sana.

Kama bado unataka, chagua familia pana. Retingi moja ya A320 inakufikisha A318 mpaka A321. Ya 737-800 inakupeleka 737 MAX, toleo jipya la 737, na kozi ya tofauti peke yake, yaani unasoma tu kile kimebadilika. Hapa Nairobi Kenya Airways wana 737-800, Embraer 190 na 787, Jambojet wanarusha Dash 8-400, kwa hivyo ukibeba A320 jua soko lake kubwa liko nje na uwe tayari kuhama na familia. Angalia pia umri wa ndege yenyewe. Kampuni ya Fokker ilifilisika 1996 na Fokker 50 bado utaisikia ikipaa Wilson, ni ndege imara, lakini usikope pesa ya miaka mitano kwa ndege haitengenezwi tena.

Na hiyo kozi ya tofauti usiichukulie kirahisi. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian, MAX, ilitoka Addis ikija huku kwetu JKIA, ikaanguka dakika chache baada ya kupaa na watu 157 wakafa. Kulikuwa na familia zinangoja hapa mahali abiria hutokea. Wakati MAX ilikuja, rubani wa 737 alikuwa anavuka kwa kusoma kwa tableti tu, na ule mfumo wa MCAS uliosukuma pua chini haukuwa umetajwa. Iliporudishwa angani simuleta ikawa lazima. Kwa hivyo ukiambiwa ni tofauti kidogo tu, uliza simuleta ni masaa mangapi, na usione haya kuuliza.

Kuna pia mambo ya mikono. Dash 8-400 inataka uilete chini na pawa kidogo mpaka karibu na lami, ukiitoa mapema zile propela zinakuwa kama breki na inadondoka. Siku yangu ya kwanza kwa simuleta ya 737 nilifanya vivyo hivyo, mkono ukabaki na pawa bila mimi kujua, ndege ikaelea, ikaelea, taa za katikati zinapita chini yangu na haitui, mwalimu akaweka mkono wake juu ya wangu akarudisha leva ya pawa nyuma polepole. Ilinichukua wiki mbili mkono kusahau. Ndio maana sipendi mtu arushe ndege mbili zisizofanana wiki moja, hata kama kampuni imepewa kibali, juu hatua za dharura za kukariri zikichanganyika huna muda wa kuzitenganisha.

Kampuni ikijitolea kukulipia, hapo ni kusoma bondi, ule mkataba wa kukufunga miaka fulani, mstari kwa mstari. Mimi nilisaini ya miaka 3 nikifikiri deni linapungua kila mwezi, mwezi wa 30 nikapata kazi nzuri zaidi, nikadaiwa pesa yote kama mtu ameingia jana. Nililipa miaka miwili. Uliza deni linapungua aje, na wakikufuta wao wenyewe nani anabeba. 2020 ndege zilipolala kwa sababu ya korona watu wengi waligundua hicho kipengele wakiwa washachelewa. Majibu yaandikwe, usikubali ya mdomo.

Ukishapata barua iko na jina lako na tarehe ya kuanza laini, nenda. Hakikisha medikali yako ya daraja la kwanza, cheti cha afya cha rubani, haiishi katikati ya kozi, na uthibitishe na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, kwamba hiyo shule ya nje wanaitambua kabla utume hata senti, juu kuna kijana namjua alirudi na cheti kizuri, maksi za juu, na kwa leseni hakikuingia.