Jinsi ya kutunga riwaya ya watoto ya dunia ya kufikirika, na picha zake

Wengi wakitaka kuandika hadithi za namna hii wanaanza na majina, falme saba, mazimwi, lugha ya siri, daftari linajaa na hadithi yenyewe hamna. We chagua jambo moja tu lililo tofauti na dunia yetu halafu libane mpaka likutapikie kila kitu. Mfano mvua inatoka ardhini inapanda juu. Haya, kinachovuja ni sakafu sio paa, ndoo ya kukingia inatundikwa kifudifudi, mwavuli unavaliwa miguuni. Sasa amua, ni mvua tu au maji yote? Kama ni yote basi mtoto akilia machozi yanapanda kwenye nywele, na ya kunywa yanakaaje kwenye kikombe? Usipokuwa na jibu umekwisha, maana wasomaji wa miaka 8 hadi 12 ndo swali lao la kwanza hilo. Na sheria ukishaiweka usije ukaivunja ukurasa wa 90 eti kwa sababu mhusika kakwama, mwache akwame.

Picha sasa. Usichore kile ambacho sentensi imeshasema! Maneno yaseme "Alichelewa shule tena" basi, picha ndo ionyeshe mwavuli wa mguu wa kushoto umetoboka, soksi imelowa mpaka gotini, na kwenye begi kuna mkia wa paka ambaye hadithi haitamtaja mpaka sura ya nne. Watoto watamwona kabla ya wazazi, na wanapenda hiyo mno. Dude la kutisha usilichore zima, kucha tu mlangoni zinatosha.

Kabla ya yote mchore mhusika mbele, ubavuni na nyuma, andika na begi liko bega gani, la sivyo litahamahama kitabu kizima.

Halafu panga kurasa kwa vijipicha vidogo vya penseli. Jambo la kushtua liweke baada ya kufungua ukurasa, yaani swali liishie kulia, jibu liwe nyuma yake. Sura ya mtu isiangukie kwenye mkunjo wa katikati. Jumla ya kurasa igawanyike kwa 16, au angalau 8, sababu karatasi kubwa za kiwandani ndo zinakunjwa hivo.

Michoro skani kwa nukta 300 kwa inchi, ongeza milimita 3 kila ukingo za kukatwa, na usiamini rangi za kwenye skrini, bluu inayong'aa ikichapwa inafifia kabisa. Dai kiwandani sampuli iliyochapwa kwenye karatasi kabla hawajachapa nakala zote. Mwaka 1865 John Tenniel, aliyemchorea mwandishi Lewis Carroll kitabu cha watoto cha Alice katika nchi ya ajabu, hakuridhika na picha zake zilivyochapwa, toleo lote likasimamishwa kikachapwa upya.