Somo: Baga ya bakuli, bila mkate

Wengi mmeomba somo hili, na wengi mmesema mlijaribu mkaishia na saladi iliyomwagiwa nyama ya kusaga. Nawaelewa. Bakuli langu la kwanza lilikuwa hivyo hivyo: majani yamenywea, nyama ina rangi ya kijivu, chini kuna kidimbwi cha mafuta na maji ya nyanya. Nyumbani walikula kwa kunionea huruma tu.

Viungo havikuwa na kosa. Kosa langu lilikuwa kudhani mkate wa baga ni wa kushikia tu. Mkate una kazi: unanyonya mchuzi wa nyama, unapoza chumvi na ukali wa achari, na ule upande uliobanikwa unaleta harufu ya kuungua kidogo. Ukiutoa, kazi zake zinabaki pale pale zikingoja mtu wa kuzifanya. Mimi nawapa viazi na ufuta.

Kwa watu wanne andaa nyama ya ng'ombe ya kusaga gramu 600, yenye mafuta kiasi (asilimia 20 inatosha, nyama kavu kabisa itakusumbua), viazi vya kawaida gramu 800, saladi ya majani yenye kukatika kwa mlio, nyanya 3, kitunguu chekundu kikubwa, chizi gramu 100, matango ya achari, na kijiko cha chakula cha ufuta. Vya sosi nitavitaja hapo chini.

Hatua ya 1: Viazi
Washa oveni nyuzi 220 za Selsiasi. Kata viazi vipande vya sentimita 2 hivi, vioshe kuondoa wanga wa juu, kisha vikaushe kwa kitambaa safi mpaka visiteleze mkononi. Changanya na mafuta vijiko 2 vya chakula na chumvi, vitandaze visipandane. Dakika 30 hadi 35, unavigeuza mara moja katikati. Ganda la nje liwe gumu, ndani laini.

Hatua ya 2: Sosi na kitunguu
Viazi vikiwa ndani, tengeneza sosi. Mayonezi vijiko 6 vya chakula, tomato sosi 2, haradali 1, matango ya achari yaliyokatwa vipande vidogo sana vijiko 2, paprika nusu kijiko cha chai, kitunguu saumu cha unga kidogo, na kijiko kimoja cha yale maji ya achari yenyewe. Koroga, weka kwenye friji. Ukiionja saa hiyo hiyo utaona kila kitu kinasema peke yake. Baada ya nusu saa vinakuwa vimeelewana. Ndiyo maana inatangulia nyama.

Kitunguu kikate vipete vyembamba. Nusu kikombe cha siki, nusu kikombe cha maji ya moto, sukari kijiko cha chakula, chumvi kijiko cha chai. Kizamishe humo, kiache mpaka kigeuke waridi. Dakika 20 zinatosha.

Hatua ya 3: Nyama
Hapa ndipo bakuli linapona au kufa, kwa hiyo tulia.

Tumia kikaango kizito, cha chuma ukiwa nacho. Kipashe moto mpaka tone la maji lirukeruke. Nyama usiimimine na kuanza kuikoroga. Iweke kwa mafungu mawili au matatu, ligandamize kila fungu kwa mgongo wa mwiko mpaka liwe bapa, nyunyiza chumvi na pilipili manga juu, halafu weka mwiko mezani. Ndiyo, mezani. Dakika nne usiguse.

Tumia masikio. Mwanzoni mlio ni mzito, wa kitu kinachochemka: hayo ni maji ya nyama yanatoka, na penye maji joto halipandi zaidi ya nyuzi 100. Ile rangi ya kahawia na ladha yake zinahitaji kama nyuzi 140 kwenda juu. Subiri mlio ubadilike, uwe mkavu, wa kupasukapasuka. Inua ukingo mmoja: ukiona ganda la kahawia iliyokolea, na nyama imejibandua yenyewe, geuza. Ikiwa bado imeng'ang'ania, haijawa tayari.

Ukishageuza ndipo unaivunja, vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Ukiivunja ikawa kama mchanga, kila tonge litakuwa sawa na lililopita. Hakikisha imeiva mpaka ndani, nyuzi 71 kwa mwenye kipimajoto, maana nyama ikisagwa vijidudu vya juu vinasambazwa mpaka katikati. Ubichi unaoweza kusamehewa kwenye kipande kizima cha steki hausameheki hapa.

Kuhusu chumvi: usiichanganye kwenye nyama mapema. Chumvi huyeyusha protini zinazoifanya nyama ishikamane, na ukitafuna utahisi soseji badala ya baga.

Mwaga mafuta yaliyozidi, bakiza kama kijiko kimoja. Ongeza maji vijiko 2, kwangua vile vilivyogandia chini ya kikaango (ndiyo utamu wenyewe huo), zima moto. Tandaza chizi juu, funika dakika moja.

Hatua ya 4: Majani na nyanya
Majani yakaushe vizuri, kwani sosi haishiki kwenye jani lenye maji. Nyanya zikate, nyunyiza chumvi kidogo, ziache kwenye chujio dakika 10. Kile kidimbwi nilichokisema mwanzoni kilitoka kwenye nyanya, nami nilikuwa nailaumu nyama.

Hatua ya 5: Kupanga
Majani upande mmoja wa bakuli, viazi upande wa pili. Nyama inakaa juu ya VIAZI, si juu ya majani. Mchuzi ukishuka unanyonywa na viazi, na majani yanabaki na mlio wake. Zungushia nyanya, kitunguu na matango ya achari, tia sosi. Mwisho kabisa nyunyiza ufuta uliokaangwa mkavu mpaka ukanukia. Watu hucheka nikisema hivi, lakini harufu hiyo ndiyo inayoudanganya ulimi kwamba mkate upo.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Sina oveni, je, nikaange viazi kwenye mafuta mengi?
Inawezekana, ila bakuli litakuwa zito. Mimi ningechemsha vipande dakika 6 kwenye maji ya chumvi, nimwage maji, niviache vikauke kwa mvuke wake, kisha nivikaange kwa mafuta kidogo bila kuvigeuzageuza. Kingo zilizochakaa kwa kuchemka ndizo zinazokauka vizuri zaidi.

Nyama yangu ilitoa maji mengi, ikachemka, haikugeuka kahawia hata kidogo. Nilifuata kila kitu!
Pole. Mara nyingi ni mambo mawili: nyama ilikuwa na barafu ndani bado, au uliijaza yote kwenye kikaango kidogo. Pika kwa awamu mbili. Ikiwa nyama yako huwa na maji kila mara, ichanganye na magadi soda ya kupikia (baking soda) robo kijiko cha chai kwa kila nusu kilo, iache dakika 15 kabla ya kupika. Itashika maji yake na kukolea rangi upesi. Usizidishe, itakuwa na ladha ya sabuni.

Shikamoo mwalimu. Mzee wangu ana kisukari, tumeambiwa tupunguze wanga. Niweke nini badala ya viazi?
Marahaba. Koliflawa iliyokatwa vichane, oveni hiyo hiyo nyuzi 220, dakika 25 hivi. Uyoga wa kukaanga nao unanyonya mchuzi vizuri. Usisahau kwamba tomato sosi huwa na sukari: tumia nyanya ya kopo ya kukolea, nusu ya kipimo, na sukari kwenye kitunguu iache kabisa. Kiasi cha kula kitafuata alivyoelekezwa na daktari wake.

Kuku wa kusaga anafaa?
Anafaa, ila hana mafuta mengi, kwa hiyo tia kijiko cha mafuta kikaangoni, na mpike mpaka nyuzi 74. Ladha yake ni ya upole, ongeza haradali.

Na sisi tusiokula nyama jamani?
Dengu za kahawia zilizochemshwa zikaiva bila kupondeka, pamoja na uyoga uliokatwa vidogo. Anza na uyoga peke yake kwenye kikaango kikavu mpaka maji yake yaishe, ndipo utie mafuta, dengu na paprika. Kanuni ya mlio ni ile ile.

Nataka kubeba kazini siku tatu mfululizo.
Vyombo vitatu: nyama na viazi pamoja, mboga peke yake, sosi peke yake. Viingie kwenye friji ndani ya saa 2 baada ya kupika, na nyama usiipitishe siku 4. Unapasha chombo cha kwanza tu, mpaka kitoe mvuke kotekote. Ikiwa mayonezi umeitengeneza mwenyewe kwa mayai mabichi, usiitembeze kwenye mkoba. Chukua ya chupa.

Chizi iliyokwishakunwa ya pakiti ni sawa?
Inaliwa, lakini hupakwa wanga ili isigandane, kwa hiyo inayeyuka kwa kusuasua. Nunua ya kipande uikune mwenyewe.

Watoto wangu hawagusi kitu kilichochanganywa.
Basi usiwapangie. Weka kila kitu mezani kwenye vibakuli, kila mtu ajipakulie. Wangu alianza na viazi na chizi tu. Wiki ya tatu nikamkuta anaiba kitunguu.