Kupima unyevu wa udongo kwa rada ya setilaiti: mashamba ya ufuta Lindi na Mtwara

Unahitaji kompyuta, bando, na shamba unaloweza kulifikia kwa miguu. Picha ni za Sentinel-1, setilaiti za Ulaya zinazotoa data bure tangu 2014. Mawimbi yake ya sentimita 5.6 hivi hupenya mawingu, kwa hiyo hata Januari, wingu likiwa limetanda Nachingwea kutwa nzima, picha utaipata.

Hatua ya 1: Chagua shamba
Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Achana na mikorosho. Mawimbi mafupi kiasi hiki huishia kwenye majani, ukadhani unapima udongo kumbe unapima mti. Najua Newala na Tandahimba ni korosho kila upande, lakini tafuta shamba la ufuta, karanga au choroko, tambarare, la ekari tano na zaidi. Ekari moja ina pikseli (vijiraba vya picha) 40 hivi za mita 10 kwa 10, na picha za rada zina chengachenga. Pikseli chache hazizitulizi. Chora mpaka mita 20 ndani ya shamba, miti ya kando isiingie.

Hatua ya 2: Vuta picha
Kwenye Google Earth Engine, tovuti ya kuchakata picha za setilaiti, chukua mkusanyo wa picha COPERNICUS/S1_GRD_FLOAT, ambao haujageuzwa kuwa desibeli (kipimo cha logarithimu cha nguvu ya mwangwi, yaani mawimbi yanayorudi kwenye setilaiti). Chuja IW (namna ya upigaji picha), VV (mawimbi yanayotumwa na kupokelewa yakiwa wima) na namba moja tu ya njia ya setilaiti. Ukichanganya njia, pembe hubadilika na mwangwi nao hubadilika, hata kama halijadondoka tone. Piga wastani wa shamba kwanza, ndipo ugeuze kuwa desibeli.

Hatua ya 3: Linganisha shamba na shamba lenyewe
Maji huongeza mwangwi. Kwenye picha za miaka kadhaa, tafuta kiwango cha ukavu (Septemba na Oktoba) na cha kulowa (baada ya mvua kubwa). Usishike namba ya mwisho kabisa. Asilimia 5 ya chini na 5 ya juu zitupe. Tuseme ukavu ni desibeli -16, kulowa ni -8, leo ni -11. Toa ukavu kwenye namba ya leo: 5. Gawa kwa tofauti nzima, 8. Jibu 0.62, yaani shamba limepanda zaidi ya nusu ya njia kutoka kukauka hadi kulowa. Hiyo siyo asilimia ya maji!

Hatua ya 4: Nenda shambani
Siku setilaiti inapopita, chota udongo wa sentimita 5 za juu kwa kopo la ujazo wa sentimita za ujazo 100, sehemu kadhaa. Pima uzito, kausha kwenye oveni nyuzi 105 kwa saa 24, pima tena. Gramu 152 zikishuka hadi 140, maji ni sentimita za ujazo 12 kwa kila 100 za udongo. Ukiwa na siku za kutosha, kavu na za mvua, chora mstari kati ya vipimo hivi na namba za hatua ya 3.

Hatua ya 5: Jihadhari
Shamba lililolimwa jana kwa matuta hung'aa kana kwamba limenyeshewa. Andika tarehe za kulima. Majaruba ya mpunga yenye maji yaliyotuama, bonde la Lukuledi kwa mfano, hutoka meusi kama ukame, kwa kuwa maji tulivu huakisi mawimbi upande wa pili. Na ufuta ukishafika kiunoni, picha za kuanzia hapo ziondoe kwenye hesabu.