Kichwa hakizimi usiku? Jinsi ya kutoka kwenye mduara wa wasiwasi na kukosa usingizi

Saa tisa usiku. Umeshtuka, au hujalala kabisa, unapapasa simu kuangalia muda alafu hesabu zinaanza zenyewe: nikilala sa hivi napata masaa matatu, si mbaya, nikichelewa nusu saa yanabaki mawili na nusu, na kesho nina ile kazi... na kadri unavyopiga hesabu ndo jicho linazidi kuwa kavu. Mi hizo hesabu nimezipiga miaka na miaka na sikumbuki usiku hata mmoja zilionisaidia.

Kwanza uelewe kinachotokea manake ukielewa hofu inapungua kidogo. Wasiwasi ni mwili unajiandaa na hatari, na mwili haubagui kama hatari yenyewe ni mwizi dirishani au ni deni la mwisho wa mwezi, adrenalini inamwagika ile ile, moyo unadunda, misuli inakaza, akili inakuwa macho. Sasa usingizi unataka kinyume chake kabisa, moyo upunguze kasi na joto la mwili lishuke, kwahiyo unachofanya pale kitandani ni kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja.

Upande wa pili ndo wengi hawaujui. Ndani ya ubongo kuna kisehemu kinaitwa amigdala, hicho ndo king'ora cha hatari, na kuna sehemu ya mbele ya ubongo ambayo kazi yake mojawapo ni kukiambia king'ora tulia we, hakuna kitu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichukua watu wakawakesha usiku mzima, wakawaonyesha picha mbaya mbaya huku wanapima ubongo wao, amigdala zao zikawaka kwa karibu asilimia 60 zaidi kuliko za wenzao waliolala, na mawasiliano na ile sehemu ya mbele yakawa yamelegea. Yani king'ora kimekuwa kikali na mlinzi kasinzia. Ndo maana bosi akikutumia meseji "nikuone ukifika", siku uliyolala unasema sawa, siku uliyokesha ukifika ofisini umeshajifukuza kazi mwenyewe kichwani na umeanza kuwaza kodi ya nyumba. Alafu huo wasiwasi unaubeba mpaka usiku, mchezo unaanza upya.

Sasa tunafanyaje. Watu wengi wanaanza na usiku, wanatafuta mito mipya, mafuta ya lavenda, miziki ya mvua. Mi nasema anza na asubuhi. Chagua muda mmoja wa kuamka na uushike siku zote, hata jumapili, hata kama umelala masaa mawili tu, na ukiamka toka nje upate mwanga. Inauma, najua. Lakini kadri unavyokaa macho kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya kwenye ubongo, hiyo ndo inaleta uzito wa usingizi, sasa ukijifidia mpaka saa nne asubuhi unakuwa umeila akiba ya usiku unaofuata. Kulala mchana vivyo hivyo, ukizidiwa basi dakika 20 na iwe kabla ya saa tisa alasiri, sio yale masaa mawili ya kwenye kochi jioni.

La pili ndo gumu na ndo lenye nguvu: usikae kitandani ukiwa macho. Mwanasaikolojia Richard Bootzin ndo aliyeileta hii miaka ya 1970 na mpaka leo inatumika. Ukiona imepita kama dakika 20 usingizi hauji (kadiria tu, usiangalie saa!), amka, nenda chumba kingine au hata kiti pembeni, taa hafifu, fanya kitu cha kuchosha, kukunja nguo, kusoma kitabu kisicho na utamu, simu iache ilipo. Macho yakianza kuwa mazito rudi. Usingizi ukikataa amka tena. Usiku wa kwanza mi nilitoka mara nne, nimekaa kwenye kiti na blanketi mabegani namlaani aliyenishauri. Ila unajua kinachotokea, ukigeukageuka kitandani kila siku na mawazo yako mwili unazoea kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza, si umeshaona unasinzia vizuri tu mbele ya tivii ila ukigusa mto macho yanafunguka kama umemwagiwa maji? Ni hiyo.

Mawazo yenyewe yape muda wao mapema, tuseme saa moja jioni, sio ukiwa ushavaa nguo za kulala. Karatasi na kalamu, andika kinachokusumbua na pembeni hatua moja ndogo utakayochukua na lini. "Pesa" haitoshi, andika "kesho saa nne nampigia tunayedaiana naye naomba wiki mbili". Kuna utafiti wa 2018 walilinganisha watu walioandika kabla ya kulala mambo yanayowasubiri na walioandika waliyokwisha maliza, dakika tano tu za kuandika, wa kundi la kwanza walisinzia mapema zaidi kwa kama dakika 9. Sio muujiza, ila ni bure.

Kafeini, ile iliyo kwenye kahawa na chai, ukiacha kuinywa kuanzia saa sita mchana ni vizuri zaidi, manake kwa watu wengi nusu yake bado iko mwilini baada ya masaa kama matano, na kwa mtu wa wasiwasi ule moyo kwenda mbio unachanganya, unadhani umeanza kupaniki kumbe ni kahawa. Pombe inakulaza haraka alafu inakuamsha usiku wa manane. Kupumua taratibu huku unatoa pumzi ndefu kuliko unayoingiza kunasaidia, ila usikutumie kama silaha ya kulazimisha usingizi, usingizi ukiukimbiza nao unakimbia. Ukishindwa kabisa fanya kinyume, lala chali gizani na ujaribu kubaki macho bila simu. Inasikika kama utani lakini ule mshikemshike wa lazima nilale ndo unaondoka.

Kama hali iko usiku mitatu au zaidi kwa wiki na imefika miezi mitatu, muone daktari. Ulizia tiba ya kisaikolojia ya kukosa usingizi, tangu 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani Marekani kinashauri ianze hiyo kabla ya vidonge. Vidonge usijinunulie, vingine vinaleta utegemezi na ukiviacha ghafla wasiwasi unarudi na hasira. Ukiwa unakoroma na kukabwa pumzi usingizini, hiyo ni kesi tofauti, ikapimwe. Na ikija fikra ya kujidhuru usisubiri miezi mitatu wala asubuhi, mwamshe mtu wa karibu sa hiyo hiyo mwende hospitali.

Kitu kingine, utapata wiki mbili nzuri alafu ghafla usiku mmoja wa jicho kodo, na utataka kesho yake uingie kitandani saa mbili usiku ili ufidie. Usiende. Kaa mpaka muda wako wa kawaida hata kama unasinzia umekaa, na alamu ya asubuhi iache pale pale ilipo.