Pikipiki ya zamani inamisi? Umeme kwanza, kabureta baadaye

Mwongozo huu ni wa mwenye Honda CG125 au wenzake wa enzi hiyo: silinda moja, kabureta, kiki ya mguu. Pikipiki nyingi zinazonifikia hapa Dodoma zikiwa zinamisi, kabureta yake imeshafunguliwa na kila mtu. Skrubu ya hewa imeliwa kichwa, jeti imechokonolewa kwa waya, na ugonjwa uko palepale. Kwa hiyo kabureta nimeiweka mwisho, kwa makusudi.

Hatua ya 1: Jua inamisi lini

Usishike spana. Endesha kwanza. Ikimisi bila kupewa resi tu, fikiria valvu, hewa inayovuja au jeti ndogo (katundu ka kabureta kanakopitisha petroli). Ikimisi mlimani na gunia la mkaa nyuma, moto ni dhaifu au petroli haitoshi. Ikimisi ukikata usukani, kuna waya umechubuka shingoni. Ikienda vizuri kisha ikaharibika baada ya kuchemka, soma hatua ya 4 polepole.

Hatua ya 2: Plagi

Weka mpya. CG125 inatumia D8EA, mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7. Ile uliyoitoa itazame: kahawia ya biskuti ni afya, masizi makavu ni petroli nyingi au chujio la hewa lililojaa vumbi, nyeusi yenye oili mbichi ni ringi au sili za valvu, nyeupe kabisa ni hewa nyingi kuliko petroli. Plagi ya kusugua kwa msasa mimi siitumii, na plagi ya bei ya kutupa inayouzwa bila boksi siifungi kwenye pikipiki ya mtu.

Hatua ya 3: Kofia ya plagi na waya wake

Fungua kofia kwa kuizungusha, kata nusu sentimita ya waya, irudishe. Kofia nyingi zina rezista ya kama kilo-ohmu 5. Multimita isiposoma kitu, tupa kofia hiyo. Usiku, injini ikiwa inanguruma, nyunyizia waya maji kidogo gizani. Ukiona vimulimuli vya bluu, waya unavuja.

Hatua ya 4: Pima moto injini ikiwa imechemka

Hapa ndipo siku nzima hupotea, kwa hiyo sitafupisha. Koili, ile inayoupa umeme nguvu ya kuruka kwenye plagi, ikichoka hutoa moto mzuri tu ikiwa baridi. Ndani yake kuna waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu, na joto likipanda, umeme hupenya pale kinga ya waya ilipochakaa, hivyo kwenye plagi unafika kidogo. Pikipiki inatoka mjini salama, ikifika Ihumwa inakohoa, kabla ya Chamwino inazima. Unaisukuma kivulini, baada ya muda inawaka kwa kiki moja. Ukiifikisha kwa fundi imeshapoa. Anapima, moto upo. Basi anafungua kabureta.

Tafuta plagi kuukuu, panua mwanya wake hadi milimita 5 hivi. Mwanya wa kawaida ukiupima nje haukuambii mengi, kwa sababu ndani ya silinda kuna mgandamizo, na kwenye mgandamizo moto huhitaji nguvu kubwa zaidi kuruka. Tembea na plagi hiyo mfukoni, uendeshe mpaka ugonjwa uje wenyewe. Ikizima, usiiache ipoe.

Kabla ya yote fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikawaka papo hapo, umeme hauna kosa: tundu la kupumulia la kifuniko limeziba na petroli haishuki. Kwa vumbi letu la kiangazi, lisafishe hata kama halina kosa.

Ikikataa, chomoa kofia na uivalishe plagi ya majaribio. Ile ya kwenye injini iache ilipo, mvuke wa petroli usitoke ukakutana na cheche. Egemeza plagi ya majaribio kwenye chuma kitupu cha injini, chuma kwa chuma, kisha piga kiki. Isipogusa vizuri unaweza kuua CDI (kisanduku cha elektroniki kinachoamuru moto), na ukishika kofia kwa mkono mtupu utarushwa. Moto wa bluu unaopasuka kwa sauti ni mzima. Wa njano, mwembamba, au unaoruka mara moja na kukosa mara mbili, ni mgonjwa.

Hata hivyo koili usinunue bado. Chomoa waya mweusi wenye mstari mweupe, ule wa kuzimia injini. Moto ukirudi, umepata: swichi, au waya umechubuka shingoni na unagusa bodi. (Waya ukiwa umechomolewa, swichi haitazima injini. Tia gia, kanyaga breki, achia klachi.) Pikipiki yenye pointi (swichi ndogo ya kukata umeme wa koili) badala ya CDI, tazama pale zinapofunguka, ambapo mwanya uwe milimita 0.3 hadi 0.4. Zikitoa cheche nyingi na nyuso zake zimechimbika, badilisha kondensa, ambayo nayo ina tabia ileile ya kufa ikipata joto. Ndipo uazime koili nzima, uifunge kwa muda, na urudi barabara ileile. Multimita naipenda, lakini koili iliyolala usiku kucha itaidanganya.

Hatua ya 5: Valvu

Injini baridi, pistoni juu kwenye mgandamizo, mwanya wa milimita 0.08 kwa valvu zote mbili. Tumia fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Wanaopanga kwa kusikiliza mlio huzibana mno, na valvu ya moshi isiyofunga sawasawa huungua.

Hatua ya 6: Hewa, halafu kabureta

Injini ikiwa inanguruma bila resi, nyunyizia maji kwenye maungio ya kabureta na kichwa cha silinda. Mlio ukibadilika, kuna ufa au gasketi imekufa. Petroli usinyunyizie.

Kabureta sasa: mwaga kikombe chake, tazama kama kuna maji au mchanga, hasa ukinunua petroli ya chupa vijijini. Jeti zipulize kwa hewa, skrubu irudishe ilipokuwa. Ukimaliza, pakia mzigo uleule uliokuwa unaiangusha, ujaribu kwenye mlima uleule.