Kuhamisha Rekodi za XML hadi Lahajedwali kwa Mstari wa Amri

Rekodi za samaki zinazojazwa kwa simu mara nyingi huhifadhiwa kwa muundo wa XML, ilhali karani wa kamati ya wavuvi, awe Shela au Kizingitini huko Lamu, anachotaka ni lahajedwali atakaloweza kulijumlisha na kulichapisha. Mwongozo huu unatumia xmlstarlet, programu ya bure ambayo ikishawekwa haihitaji intaneti tena. Tuchukue faili iitwayo mavuno.xml yenye umbo hili:

<vyombo>
  <chombo tarehe="2024-03-11" namba="0147">
    <diko>Shela</diko>
    <samaki uzito="12.5">tafi</samaki>
    <samaki uzito="4">changu</samaki>
  </chombo>
</vyombo>

Hatua ya 1: Weka programu

Kwenye Ubuntu au Debian, andika:

sudo apt install xmlstarlet

Hatua ya 2: Lijue umbo la faili

Faili halisi huwa ndefu, na kuisoma kwa macho ni kujichosha bure. Amri ifuatayo huorodhesha kila elementi (kama samaki) na kila sifa (kama uzito) mara moja tu:

xmlstarlet el -a mavuno.xml | sort -u

Hatua ya 3: Amua mstari mmoja ni kitu gani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo wengi wanapopita mbio. XML ni mti wenye matawi ndani ya matawi, na lahajedwali ni bapa. Kwa hiyo ni lazima uchague tawi moja liwe mstari. Ukichagua chombo, mashua iliyoleta tafi na changu itakuwa na samaki wawili wanaogombea kisanduku kimoja, na iliyoleta aina tano itakuwa na watano. Wapo wanaofungua safuwima za samaki1, samaki2, samaki3 na kuendelea, lakini jedwali la namna hiyo halijumlishiki: ili kupata kilo zote za tafi itabidi upekue kila safuwima. Kwa maoni yangu, mstari uwe ni ile elementi ya ndani kabisa inayojirudia, yaani samaki, kisha tarehe, namba na diko virudiwe katika kila mstari. Marudio hayo hayana hasara yoyote.

Hatua ya 4: Andika amri

Anza na vichwa vya safuwima, kisha ongeza data chini yake:

T=$(printf '\t')
printf 'tarehe\tnamba\tdiko\taina\tkilo\n' > mavuno.tsv
xmlstarlet sel -T -t -m "//samaki" \
  -v "../@tarehe" -o "$T" -v "../@namba" -o "$T" \
  -v "normalize-space(../diko)" -o "$T" \
  -v "normalize-space(.)" -o "$T" \
  -v "@uzito" -n mavuno.xml >> mavuno.tsv

Sehemu ya -m hutembelea kila samaki. Nukta mbili humaanisha kupanda ngazi moja hadi kwenye chombo chake. -v hutoa thamani, -o huandika kitenganishi, na -n hufunga mstari. Usiisahau -T, kwani bila hiyo alama ya & itatoka ikiwa &amp; kama ilivyo ndani ya XML.

Nimetumia Tab badala ya mkato kwa sababu karani akiandika «Shela, karibu na gati», mkato huo utaipasua safuwima mara mbili. Isitoshe, normalize-space hugeuza kila Tab na kila mstari mpya ulio ndani ya maandishi kuwa nafasi moja, hivyo kitenganishi hakiwezi kujipenyeza kutoka ndani ya data.

Amri ikikupa vichwa vitupu, tazama kama elementi ya kwanza ina sifa ya xmlns, inayotangaza nafasi ya majina. Ikiwa nayo, andika "//_:samaki" na "../_:diko".

Hatua ya 5: Linganisha hesabu

xmlstarlet sel -T -t -v "count(//samaki)" -n mavuno.xml
wc -l mavuno.tsv

Hesabu ya pili, ya mistari ya mavuno.tsv, inapaswa kuizidi ya kwanza, ya samaki, kwa moja, ambayo ni ule mstari wa vichwa. Ikizidi zaidi, huenda amri ya data imeendeshwa mara mbili, kwa kuwa >> huongeza bila kufuta kilichokuwapo.

Hatua ya 6: Geuza kuwa xlsx

Lahajedwali likiachiwa lijiamulie, namba ya chombo 0147 itageuka 147, na haitafanana tena na ile iliyopakwa ubavuni mwa mashua. LibreOffice huzuiwa hivi:

soffice --headless --convert-to xlsx \
  --infilter="CSV:9,34,76,1,2/2" mavuno.tsv

Tarakimu 9 ni Tab, 34 ni alama ya kunukuu, 76 ni usimbaji wa herufi wa UTF-8, na 1 ni mstari wa kuanzia. 2/2 inasema kwamba safuwima ya pili isomwe kama maandishi. Tarehe hazihitaji agizo la ziada, maadamu zimeandikwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku.